Kwa baiskeli ya umeme hadi kwenye gogo la dinosaria: mwongozo wa bonde la Kaʻaʻawa, Hawaii

Bonde hili umeshaliona, hata kama hujawahi kuvuka mpaka wa wilaya yako. Kama ulikulia mtaa wenye kibanda umiza, ukatoa sarafu yako na kubanana na wenzio kwenye benchi la mbao, kuna siku ulimwona mwanamume mmoja na watoto wawili wakikimbia kwenye nyasi huku kundi la dinosaria likiwajia kama ng'ombe waliotimuliwa. Wakajirusha nyuma ya gogo. Banda zima likapiga kelele.

Gogo lile lipo mpaka leo. Liko Kualoa Ranch, upande wa mashariki wa kisiwa cha Oʻahu, Hawaii, ndani ya bonde linaloitwa Kaʻaʻawa. Filamu ni Jurassic Park ya 1993, na kipande kile kilifika Oʻahu kwa sababu ya dhoruba. Watengenezaji walikuwa wakipiga picha kisiwa jirani cha Kauaʻi, tarehe 11 Septemba 1992 kimbunga Iniki kikapita na kukivunjavunja, wakalazimika kutafuta pahali pengine penye milima ya namna ileile. Wakaja hapa. Baada yao wamekuja wengine wengi mno, kiasi kwamba bonde hili sasa limezoea kujifanya nchi nyingine.

Kuingia bondeni kuna njia kadhaa: basi la ziara ya filamu, magari madogo ya wazi ya kupanda milima, farasi, na baiskeli ya umeme yenye kiongozi mbele. Nitakwambia ukweli: anayetaka kusikia hadithi zote za sinema, moja baada ya nyingine, apande basi. Mimi nashikilia baiskeli. Kwenye basi bonde linakupita dirishani. Kwenye baiskeli ya kawaida, kichwa umekiinamisha unahesabu pumzi mpaka mwisho wa mlima. Baiskeli ya umeme inakubebea mlima huku shingo yako iko huru kugeuka, na haina kelele, kwa hiyo unasikia upepo unavyogonga miamba. Sharti ni moja tu, uwe umeimudu. Asiyeimudu hushinda ziara nzima anaangalia gurudumu la mbele.

Hatua ya 1: Weka nafasi, tena ya asubuhi

Eneo lote ni ardhi binafsi, kama ekari 4,000. Huwezi kukodi baiskeli mjini ukajiendea. Lazima uwe kwenye ziara yao, na vikundi vya baiskeli ni vidogo, kwa hiyo nafasi huisha mapema kuliko za basi. Andaa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu. Ziara yenyewe huchukua kama saa mbili hivi.

Chagua asubuhi. Bonde limefunguka kuelekea baharini, mashariki, na nyuma yake umesimama ukuta wa milima ya Koʻolau. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja na kuwasha kuta zote za kijani. Mchana ukisogea, jua linajificha nyuma ya milima na kivuli kinashuka mapema kuliko unavyotarajia. Waliokuja alasiri wanarudi na picha za rangi ya majivu halafu wanalaumu simu zao.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya umri, urefu na uzito. Baiskeli ina mipaka ambayo basi halina, na hakuna jambo la kuudhi kama kufika na mtoto aliyekwisha kuahidiwa halafu akaambiwa abaki. Soma pia sharti la kughairi. Na ukinunua kupitia mawakala wa mtandaoni, hakikisha tiketi imeandikwa baiskeli, maana majina ya ziara yanafanana na wengine hujikuta wamelipia gari.

Kuhusu saa: Hawaii iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 13. Saa mbili asubuhi kule, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tatu usiku wa siku hiyohiyo. Na tiketi ikiandikwa 8:00 AM ndiyo hiyo saa mbili asubuhi yetu. Ukiwa umechoka na ndege unaweza kabisa kuisoma saa nane, ukalala.

Hawaii ni jimbo la Marekani tangu 1959, kwa hiyo viza ni ileile ya Marekani. Kama unaishi Minneapolis, Houston au Toronto, safari hii iko karibu zaidi na mfuko wako kuliko ya mtu anayetoka Mombasa, na wengi wa ndugu zetu niliosikia wamekwenda ni hao wa huko.

Wenye baiskeli zao za umeme huuliza kama wanaweza kwenda nazo. Haiwezekani. Ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160, na betri ya baiskeli kwa kawaida ina kati ya 400 na 700. Utapewa ya hukohuko.

Hatua ya 2: Amsha miguu nyumbani

Wiki mbili kabla, panda baiskeli yoyote. Ya jirani, ya muuza maziwa, yoyote. Mota itakusaidia kupanda, lakini haitakusaidia kukaa wima kwenye kokoto wala kukata kona kwenye tope. Kama uliwahi kuendesha ndani ya Hell's Gate kule Naivasha, njia za vumbi, pundamilia pembeni, basi umeshapata mazoezi yanayofaa. Kama mara ya mwisho ulikuwa darasa la sita, tafuta uwanja wa mpira na ujikumbushe: kuanza, kusimama, kugeuka polepole bila kuweka mguu chini. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Hatua ya 3: Usiku wa kuamkia ziara, tazama vipande vitatu

Usitazame filamu nzima. Tafuta kipande cha gogo katika Jurassic Park. Tafuta makaburi ya mifupa mikubwa katika Kong: Skull Island ya 2017. Halafu tafuta kile kipande cha tamthilia ya Lost, msimu wa kwanza, ambapo mwenzao mnene anawatengenezea walionusurika uwanja wa gofu porini.

Vitazame ukiwa umeukodolea macho mgongo wa milima kwa nyuma. Waigizaji waache. Utagundua kitu cha kuchekesha: ni milima ileile. Mmoja anakimbia dinosaria, mwingine anapambana na sokwe mkubwa kuliko ghorofa, mwingine anacheza gofu, na wote wako kwenye uwanja mmoja ambao ungeweza kuuvuka kwa miguu. Ukishaishika sura ya ule mgongo wa mlima, kesho utautambua mwenyewe kabla kiongozi hajafungua mdomo.

Hatua ya 4: Vaa, funga begi

Viatu vya kufunika vidole, basi. Raba zinatosha. Kandambili zinakurudisha getini, na hata wangekuruhusu, pedeli zina meno ya chuma ambayo hayamjui mtu. Kabla ya kuondoka hotelini, sugua soli zako zisiwe na tope wala mbegu. Hawaii wanalinda mimea yao kwa ukali kwa sababu magonjwa na magugu yanasafiri kwenye viatu, na unaposafiri kwa ndege kuingia utajaza fomu ya kutaja mimea na matunda uliyobeba. Embe la bibi libaki nyumbani.

Nguo zisizojali tope. Upande huu wa kisiwa ndio unaopokea upepo wa bahari, mawingu yanagonga milima na kumwaga mvua fupifupi mwaka mzima, zaidi kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya dakika kumi halafu jua kali, halafu tena. Kajaketi kepesi ka mvua kanatosha. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga. Mimi ya kwangu niliiweka mfuko wa kaptula, na mpaka leo spika yake inaongea kama mtu mwenye mafua.

Mafuta ya kujikinga na jua usiyasahau kwa kudhani ngozi nyeusi haiungui, inaungua. Nunua kulekule: tangu tarehe 1 Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu ya kulinda matumbawe, hivyo yaliyoko madukani yamepita chujio hilo.

Maji ya kunywa beba yako. Vijito vya bondeni vinang'aa na kushawishi, ila usinywe wala usioshee kidonda humo; kuna ugonjwa wa leptospirosisi unaotokana na mikojo ya wanyama. Nyoka usiwaze, visiwa hivi havina nyoka wa porini wa kutisha. Nguchiro wapo tele, waliletwa 1883 kuua panya wa mashamba ya miwa, wakaona ni rahisi zaidi kula mayai ya ndege.

Hatua ya 5: Fika nusu saa kabla

Kutoka Waikīkī ni kama kilomita 40. Ukiwa na gari unavuka milima ya Koʻolau kwa mojawapo ya barabara za Pali, Likelike au H-3, unashukia Kāneʻohe, kisha unafuata barabara ya Kamehameha ukiwa na bahari mkono wa kulia. Kwa foleni ya asubuhi weka saa nzima. Kumbuka wanaendesha upande wa kulia.

Kwa basi, namba 60 kutoka Honolulu linapita mbele ya geti. Ni polepole, lina vituo kama daladala, na kama huna haraka ndilo usafiri mzuri kuliko wote, maana wanaopanda na kushuka ni watu wa pale.

Unapokaribia utaona kisiwa kidogo chenye ncha, kimesimama baharini peke yake. Hicho ni Mokoliʻi, maana yake mjusi mdogo. Wenyeji husimulia kwamba Hiʻiaka, mdogo wake Pele, mungu wa kike wa volkano, alimuua mjusi mkubwa hapa na mkia ukabaki umechomoza majini.

Majina haya yasikutishe. Kihawaii ni lugha ambayo mtu wa Kiswahili anaisoma vizuri kuliko Wamarekani wengi: vokali tano zilezile, na kila silabi inaishia na vokali. Kile kialama kama koma ya juu ni kukata sauti kooni. Ka-a-a-wa. Ku-a-lo-a, yaani mgongo mrefu. Ukiyatamka hivyo, usishangae mhudumu wa mapokezi akikuuliza umejifunzia wapi. Angalia tu maneno ya hila: wikiwiki kwao ni harakaharaka, wala si habari ya wiki.

Hatua ya 6: Uwanja wa majaribio

Hapa ndipo ziara yako inapoharibika au kutengenezeka, na watu wengi hupachukulia kama foleni ya kusubiri. Watakupa kofia ngumu, watakupa baiskeli, watakueleza kwa dakika chache, watakuzungusha kidogo. Usiwe mtu wa kuitikia tu.

Anza na kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha, kwa kuwa ni njia ya porini, mwombe mhudumu akishushe kidole kimoja au viwili ili uweze kuweka mguu chini kwa haraka.

Halafu breki. Sikiliza vizuri hapa. Marekani, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Wengi wetu tumezoea baiskeli za mtindo wa Kiingereza ambazo ya mbele iko kulia. Mkono una kumbukumbu yake, na kwenye mteremko hautakuuliza. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, unavuka usukani. Kwa hiyo simama pale uwanjani, bana moja moja, tazama gurudumu gani linakamatwa, ujiambie kwa sauti: kushoto mbele, kulia nyuma. Breki zenyewe ni za diski na ni kali. Kidole kimoja au viwili vinatosha, na zibane zote mbili pamoja.

Sasa mota. Baiskeli hizi hazifanani na bodaboda. Marekani wamezigawa madaraja matatu: daraja la 1 mota inasukuma pale tu unapokanyaga pedeli na inajikata ukifika kilomita 32 kwa saa, la 2 lina kishikio cha kuongezea mwendo bila kukanyaga, ukomo uleule, la 3 ni la kukanyaga tena, hadi kilomita 45. Uliza ya kwako ni ipi. Kama ni la 1, elewa kwamba mguu wako ndio swichi.

Hilo nililielewa kwa gharama. Mara yangu ya kwanza kabisa, mji mwingine, dukani kwa mkodishaji, nilikaa kwenye kiti, mguu mmoja chini, mwingine nimeuegemeza kwenye pedeli huku nikimsikiliza mwenye duka. Nguvu ilikuwa imewekwa ya juu. Nikaegemea kidogo zaidi, baiskeli ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, nikaingia kwenye vyungu vya maua vya jirani. Vitatu. Nilivilipa. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba nikiwa nimesimama, ama mguu hauko kwenye pedeli, ama breki zimebanwa.

Kwenye usukani kuna vitufe vya kuongeza na kupunguza msaada. Anza na kiwango cha chini kabisa, zunguka mara mbili, panda kimoja, zunguka tena. Fanya hivyo mpaka ujue kila kiwango kinavyokusukuma mgongoni. Kiwango cha juu kinakufanya ujione bingwa kwenye tambarare lakini kwenye kona yenye kokoto kinakutupa nje. Mimi nilitumia cha chini njia nzima ya tambarare na cha kati kwenye vilima. Cha juu nilikigusa mara moja tu.

Gia badilisha kabla ya mlima, usingoje uwe katikati yake, na wakati unabadilisha legeza mguu kidogo. Mguu wako ukijumlishwa na mota ni nguvu nyingi. Ukibadilisha huku umekanyaga kwa hasira, mnyororo unalia na unaweza kukatika.

Mwisho, izoee ilivyo nzito. Nyingi zina kilo 20 hadi 25. Inamaanisha inachukua nafasi ndefu zaidi kusimama, na ikikuangukia mguuni utakumbuka. Ukilazimika kuisukuma kwa mkono kupanda, uliza kama ina kitufe cha kutembea nayo. Mota itakwenda taratibu sambamba na hatua zako.

Kama baada ya majaribio moyo bado unadunda, sema. Viongozi wanapendelea sana usemee pale uwanjani kuliko kilomita tatu ndani.

Hatua ya 7: Bondeni

Mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Acha nafasi ya baiskeli nne au tano mbele yako, zaidi kwenye mteremko. Kwenye mteremko inuka kidogo kwenye kiti, pedeli zote mbili ziwe usawa, rudisha makalio nyuma, na tazama kule unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo utaliingia. Tope liingie ukiwa umenyooka, bila breki, na mguu ukizunguka polepole. Hili ni shamba la mifugo kweli, si pambo. Ng'ombe wana haki ya njia. Simama, wapite.

Utaona tofauti mara tu kilima cha kwanza kikiisha na bonde likafunguka. Kuta zinapanda wima pande mbili, zimekunjwakunjwa kama pazia zito, kila mkunjo umechimbwa na maji ya mvua. Milima hii ni mabaki ya volkano kubwa ambayo sehemu yake kubwa ilimeguka zamani ikaporomokea baharini. Ndiyo maana filamu wanaipenda: kamera ikielekezwa ndani ya bonde haioni waya wa umeme, nyumba, wala barabara. Ukigeuka nyuma, bahari ile pale na barabara kuu haiko mbali. Geuka. Hakuna filamu itakayokuonyesha upande huo.

Vituo hutegemea njia ya siku hiyo na kiongozi wenu. Gogo ndilo kila mtu analingojea, na kila mtu hufanya kilekile: anachutama nyuma yake, anatoa macho, mwenzake anampiga picha. Fanya tu, usijitie utu uzima. Kisha simama pale alipokuwa yule mwanamume na utazame uwanda ule. Hapakuwa na dinosaria hata mmoja, wala wa plastiki. Kundi zima lilichorwa kwa kompyuta baadaye. Waigizaji wale walikimbia wakitazama nyasi tupu, nyasi hizihizi, na kutoka hapo woga wao utauona kwa jicho jingine.

Kuna mifupa na mafuvu ya Kong, kuna alama ya mguu iliyoachwa na Godzilla ya 1998, sasa imeota majani na unaweza kuipita usiijue kama hujaonyeshwa. Jumanji ya 2017 ilipita humu pia, na Jurassic World ya 2015. Kiongozi wetu alikuwa na picha zilizolaminetiwa za kila tukio, anaiinua picha mbele ya mlima mpaka mistari inalingana. Nikisikia mtu anadharau ziara za kuongozwa namkumbuka yule.

Ila mwulize na mambo ambayo hayamo kwenye filamu, maana ukimwachia peke yake atakupa wanachokitaka wageni wengi. Mwulize kuhusu handaki la zege lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini kisiwani hapahapa, tarehe 7 Desemba 1941, jeshi la Marekani lilichukua eneo hili, likajenga uwanja wa ndege na ngome ya mizinga. Sasa ndani ya handaki mmejaa mabango ya sinema.

Mwulize bonde lilivyouzwa. Mwaka 1850 mfalme Kamehameha wa Tatu alimuuzia Gerrit Judd, daktari aliyekuja kama mmisionari na kuwa mshauri wake, ekari 622 kwa dola 1,300. Mwaka huohuo ndipo wageni waliporuhusiwa kisheria kumiliki ardhi Hawaii. Ukoo wa Judd ukaongeza na bonde la Kaʻaʻawa baadaye, na vizazi vyake ndivyo vinaendesha mahali hapa hadi sasa. Sisi tunaotoka kwenye nchi ambako babu zetu nao waliwekewa karatasi mbele na daktari au padri, habari hii hatuisikii kama wanavyoisikia watalii wengine. Nadhani bila umiliki wa ukoo mmoja bonde hili leo lingekuwa mahoteli. Nadhani pia hilo halijibu swali.

Na kabla ya daktari, Kualoa palikuwa patakatifu. Watoto wa machifu waliletwa hapa kufundwa. Meno ya nyangumi yaliyotupwa na bahari katika pwani hii yalikuwa mali ya machifu. Tarehe 8 Machi 1975, pwani hii ndipo lilipoteremshwa majini Hōkūleʻa, chombo cha mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, ambacho mwaka uliofuata kilikwenda hadi Tahiti bila dira, kwa nyota, mawimbi na ndege. Mtu wa Lamu au Pate, ambaye babu yake alijua kushona mtepe kwa kamba za nazi na kuusoma msimu kwa nyota, hatahitaji kuelezwa kwa nini watu walilia ufukweni siku ile.

Hatua ya 8: Picha bila kuanguka

Usipige picha ukiwa kwenye mwendo, hata kwa sekunde. Kiongozi atasimama mara nyingi. Ukisimama, shuka kabisa, zima msaada wa mota, egemeza baiskeli upande wa mlima, usiiegemeze kwenye bonde.

Kwa gogo, piga kwa urefu wa kiuno cha mtoto, simu imeshushwa, ndipo mgongo wa mlima unapoinuka nyuma kama kwenye filamu. Kwa bonde zima, mweke mtu mdogo pembeni ya picha, asiwe katikati. Ukuta ule bila mtu pembeni yake hauna kipimo, utaonekana kama kichuguu. Video moja ipige bila kusema neno, sekunde thelathini, upepo tu.

Angalia betri ya baiskeli wakati wa kurudi. Ziara zimepimwa ili chaji itoshe, lakini mwenye kutumia kiwango cha juu njia nzima anaweza kukuta mlima wa mwisho anaupanda kwa wali aliokula asubuhi. Kilo 25 bila mota ni adhabu.

Hatua ya 9: Ukisharudisha baiskeli

Kiongozi mpe chochote. Marekani bakshishi ni sehemu ya kipato chao. Asilimia 15 hadi 20 ya bei ndiyo desturi, taslimu mkononi, na useme mahalo, yaani asante. Osha viatu kwenye bomba. Nyoosha mapaja hata kama huyasikii, utayasikia kesho kwenye ngazi.

Usiondoke mara moja. Karibu na bahari kuna bwawa la samaki la Moliʻi, ekari kama 125, lililojengwa kwa mawe na Wahawaii wa kale miaka mia kadhaa iliyopita, na bado linatumika. Ni uzio wetu wa kuvulia, ila wa mawe na mkubwa kuliko mtaa. Chakula cha mchana kula palepale, kama kuna kamba wabichi wa shambani kwao chagua hao. Kisha toka barabarani utembee kidogo kuelekea kaskazini mpaka uone bomba refu la moshi la mawe na kuta zilizobomoka pembeni ya lami. Ni kiwanda cha sukari cha miaka ya 1860, cha mvuke. Hakikudumu hata miaka kumi, mvua ilikuwa haieleweki. Magari yanapita bila kupunguza mwendo.

Kituo cha basi namba 60 kiko mbele ya geti. Kaa upande wa bahari, uone Mokoliʻi mara ya mwisho. Mimi nilikaa na mama mmoja mwenye kapu la taro, yaani magimbi, aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia Tanga, akauliza kuna milima. Nikamwonyesha Usambara kwenye simu yenye mafua. Aliitazama muda, akauliza filamu gani imepigwa huko.